Mafia: namna ya kutazama potwe, kasa na matumbawe bila kuwafukuza

Kila mwaka, kuanzia Oktoba, samaki mkubwa kuliko wote duniani huonekana karibu kabisa na mji wa Kilindoni, kisiwani Mafia. Ni papa potwe, mwenye madoa meupe mgongoni na mdomo mpana kama mlango, lakini hana habari na nyama ya mtu. Upande wa pili wa kisiwa, kwenye Ghuba ya Chole, mgeni aliyepanga chumba Utende anaweza kunywa chai ya asubuhi, kupanda mashua, na baada ya muda mfupi akawa anaelea juu ya matumbawe.

Wasikilizaji wetu wengi huuliza mambo matatu: waende lini, wajiandae vipi, na kwa nini kuna masharti mengi. Makala haya yanajibu maswali hayo kwa anayetaka kwenda kupumzika, kwa mwenye nyumba ya kupangisha wageni, na kwa mwenye mashua. Jambo moja likae akilini tangu mwanzo: viumbe hawa hawakufungwa kamba wala hawakuzungushiwa uzio. Wanakuja kwa sababu chakula kipo na hawasumbuliwi. Siku wakisumbuliwa, wataondoka, na riziki iliyowafuata itaondoka nao.

Kwa nini Mafia?

Mafia ni wilaya ya Mkoa wa Pwani, mkabala na delta ya Mto Rufiji. Kisiwa kikubwa kina urefu wa karibu kilomita 50, na pembeni yake viko visiwa vidogo kama Chole, Juani, Jibondo na Bwejuu. Unaweza kufika kwa ndege ndogo kutoka Dar es Salaam, safari isiyofika saa moja, au kwa chombo cha majini kutoka Nyamisati, wilayani Kibiti, hadi Kilindoni. Kutoka Kilindoni hadi Utende, ambako nyumba nyingi za wageni zipo, ni barabara ya lami ya kama kilomita 14.

Siri ya utajiri wa bahari hii ni mto. Rufiji hukusanya maji ya Ruaha Mkuu, Kilombero na mito mingine ya bara, ukayaleta hadi kwenye mikoko ya delta, ambayo ni miongoni mwa misitu mikubwa ya mikoko Afrika Mashariki. Maji hayo hubeba rutuba. Rutuba inakuza viumbe vidogo vya baharini visivyoonekana kwa macho, viumbe hivyo vinaliwa na uduvi na dagaa, na uduvi na dagaa wanaliwa na potwe. Kwa hiyo mkulima wa Mbarali au Ifakara, hata kama hajawahi kuiona bahari, ana sehemu yake katika habari hii. Udongo na taka anazoziachia mtoni haziishii kijiji cha jirani. Udongo ukizidi hufunika matumbawe yakakosa mwanga, na mfuko wa plastiki unaoelea, kasa huuona kama chakula.

Mwaka 2004 eneo zima la Rufiji, Mafia na Kilwa liliingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Humo ndimo pia walimobaki nguva wachache wa Tanzania, mnyama wa kunyonyesha anayekula nyasi za bahari na ambaye wavuvi wengi vijana hawajapata kumwona.

Uende mwezi gani?

*Oktoba hadi Machi.* Huu ndio msimu wa potwe. Wakati wa kaskazi bahari hutulia na maji huwa maangavu zaidi, hivyo ni wakati mzuri pia wa kutazama matumbawe.

*Mwishoni mwa Machi hadi Mei.* Ni masika. Mvua ni nyingi, maji huchafuka, na baadhi ya nyumba za wageni hufungwa.

*Juni hadi Septemba.* Upepo wa kusi huvuma na bahari ya nje huwa na mawimbi. Hata hivyo huu ndio wakati ambapo vifaranga wengi wa kasa huanguliwa Juani. Kati ya Julai na Oktoba nyangumi wenye nundu, waliotoka bahari baridi za kusini ya dunia kuja kuzaa, hupita mbali kidogo na pwani.

*Mwaka mzima.* Popo wa Chole, ndege wa ufukweni na samaki wa matumbawe wapo muda wote.

Yanayoonekana bila kulowa

Si kila mgeni anajua kuogelea, na si lazima. Kisiwani Chole wapo popo wakubwa wanaokula matunda. Mchana hujining'iniza kwa makundi juu ya miti, na jioni huruka kwenda kutafuta chakula. Jamii hii ya popo hupatikana Visiwa vya Komoro na Mafia tu. Tofauti na wale popo wadogo wa darini, hawa hutafuta njia kwa macho na pua. Kazi yao ni kubwa: wanabeba chavua na mbegu, hivyo miembe, mibuyu na misufi inawategemea. Watazame kwa utulivu. Ukipiga makofi ili waruke upate picha, umewaamsha wanyama wanaofanya kazi usiku.

Maji yanapokupwa, fuko za mchanga na matope hujaa ndege wa pwani. Mmoja wa kuangalia ni ndege mweupe mwenye mabaka meusi na mdomo mnene, mlaji wa kaa, ambaye hutaga kwenye mashimo ya mchanga huko pwani za Uarabuni na Ghuba, kisha huja kwetu kula. Kuna watu wamefanya safari hiyo kwa jahazi karne nyingi. Huyu anaifanya kwa mbawa.

Ukivuka hadi Juani, utakuta magofu ya Kua, mji wa zamani wa Waswahili uliojengwa kwa mawe na chokaa ya matumbawe. Kuta zake bado zimesimama, mizizi ya miti imezikumbatia.

Kuelea juu ya matumbawe: maji kwanza, vifaa baadaye

Kutazama chini ya maji huku unaelea kunahitaji vitu vitatu: miwani ya kuzamia inayofunika na pua, mrija wa kupumulia, na mapezi ya kuvaa miguuni. Wenye mashua wengi huvikodisha. Kabla ya kulipa, jaribu miwani: iweke usoni bila kufunga mkanda, vuta pumzi kwa pua. Ikishika yenyewe, inakufaa. Ikidondoka, maji yataingia.

Lakini kinachoamua kama siku itakuwa njema ni maji. Wavuvi wetu wanajua hili tangu utotoni. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, huwa kuna bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti ya kina inaweza kukaribia mita 4. Katika pwani yetu, siku za bamvua maji hupwa karibu saa 4 asubuhi na hujaa karibu saa 10 alasiri. Baada ya juma moja huja maji mafu, ambapo mambo hugeuka: maji hujaa karibu saa 4 asubuhi, na mwendo wake huwa wa taratibu. Kila siku saa husogea mbele kwa karibu dakika 50.

Kwa asiye mzoefu, siku za maji mafu ndizo salama na rahisi. Ghuba ya Chole hujaa na kutoka kupitia milango michache kati ya visiwa, na mlango wa Kinasi ndio maarufu zaidi. Wakati wa bamvua mkondo hapo ni mkali kiasi cha kumshinda mwogeleaji hodari. Mwulize nahodha swali moja kabla ya kuondoka: "Maji yanakwenda wapi sasa?" Asiyeweza kulijibu, usipande chombo chake.

Utaona nini chini?

Matumbawe yanaonekana kama mawe au mimea, lakini ni wanyama. Kila tumbawe ni mji wa viumbe vidogo vinavyojijengea mifupa ya chokaa, na ndani ya miili yao huishi mwani mdogo sana unaowapa rangi na sehemu kubwa ya chakula. Maji yakipata joto kupita kiasi, tumbawe hupoteza mwani huo na kubaki jeupe. Hali hiyo ikidumu, hufa. Mwaka 1998, joto la bahari lililoambatana na El Niño liliua matumbawe mengi katika Bahari ya Hindi, na Mafia haikusalimika. Yapo yaliyojirudi tangu wakati huo, lakini kujirudi kunachukua miaka mingi, na hakuwezekani pale panapokanyagwa au kutupiwa nanga kila siku.

Juu ya matumbawe haya zimeorodheshwa aina zaidi ya 400 za samaki. Baadhi unawajua kutoka sokoni, ila hapa utawaona wakiwa kazini. Pono hutafuna mwamba kwa meno yake kama kasuku, na anachokitoa nyuma ni mchanga mweupe, ule ule unaoutembelea ufukweni. Kangaja na tasi hula majani ya bahari yasisonge matumbawe. Chewa hukaa pangoni akisubiri. Mkunga hutoa kichwa tundu la mwamba akifungua na kufumba mdomo. Hatishi mtu, anapumua tu. Taa hulala mchangani amejifukia. Pweza hubadili rangi mbele ya macho yako. Na kama umetulia, utasikia sauti ya kuchakachaka kama mafuta yanayokaanga: ni kamba wadogo wanaofyatua magando yao.

Potwe: papa asiyeuma

Papa potwe anaweza kuzidi urefu wa mita 12, yaani kama basi. Anakula kwa kuchuja maji. Wengi wanaoonekana Kilindoni ni vijana, na utafiti wa kufuatilia samaki hao kwa vifaa vya sauti umeonyesha kuwa baadhi yao hawaondoki kabisa Mafia: msimu ukiisha huhamia maji ya kina zaidi, ambako hawaonekani kwa urahisi. Tangu 2016 potwe amewekwa kwenye kundi la viumbe walio hatarini kutoweka duniani. Wanaomuumiza ni watu: nyavu, na pangaboi za injini zinazomkata anapokula karibu na uso wa maji.

Madoa yake ni kama alama za vidole. Hakuna potwe wawili wenye madoa yanayofanana. Watafiti hutumia picha ya ubavu wa kushoto, nyuma ya mashavu na juu ya pezi la ubavuni, kumtambua kila mmoja. Kwa hiyo picha nzuri ya mgeni, ikifika kwa watafiti, inaweza kuwa na faida kubwa kuliko kuwekwa mtandaoni peke yake.

Kanuni zinazofuatwa sehemu nyingi duniani zinakumbukika kirahisi:

- Kaa mita 3 kutoka mwilini na mita 4 kutoka mkiani. Mkia ukikupiga, utaumia.
- Usimguse, usimpande, usimzuie njia.
- Usitumie mwanga wa kamera.
- Waogeleaji wasizidi 10 kwa potwe mmoja, na chombo kiwe kimoja kwa wakati mmoja.
- Nahodha apunguze mwendo mapema na asimkatishe kwa mbele.

Kuna sababu ya kulikazia hili. Hifadhi ya Bahari ipo upande wa kusini na mashariki ya kisiwa, wakati potwe hukusanyika upande wa magharibi, mbele ya Kilindoni, nje ya mipaka yake. Pale, ulinzi wa kwanza ni tabia ya nahodha na mgeni wake. Mashua nne zikimzunguka potwe mmoja, huzama, na wageni wote waliolipa hurudi mikono mitupu.

Kasa: mayai mchangani, sumu chunguni

Kasa wanaotaga Mafia zaidi ni kasa wa kijani, na mara chache ng'amba. Mama hupanda ufukweni usiku, huchimba shimo na kutaga mayai yanayoweza kuzidi 100. Baada ya miezi miwili hivi vifaranga hutoka na kukimbilia maji. Joto la mchanga ndilo linaloamua jinsia: mchanga wa moto huzaa majike wengi zaidi. Wachache sana hufikia utu uzima, na huchukua miongo kadhaa kufika umri wa kutaga.

Kwa miaka mingi wanakijiji wa Mafia, wakishirikiana na shirika la Sea Sense, wamekuwa wakilinda viota na kuwapeleka wageni kuona vifaranga wakitoka. Sehemu ya malipo hurudi kijijini na kwa walinzi wa viota. Ukienda, simama nyuma ya njia ya vifaranga, usiwabebe majini, na zima tochi ya simu. Wao hufuata mwanga wa upeo wa bahari. Taa ya simu, au taa ya baraza ya nyumba iliyo ufukweni, huwapoteza njia.

Hapa pana jambo ambalo ni la uhai wa watu wetu wenyewe. Kuvua na kula kasa ni kosa kisheria, lakini pia nyama yake inaweza kuua. Mwezi Machi 2024, katika Kisiwa cha Panza, Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula kasa, na wengine wengi walilazwa. Novemba 2021 watu 7 walikufa Pemba kwa sababu hiyo hiyo. Sumu hiyo haiondoki kwa kupika, haijulikani kwa harufu wala ladha, na mama aliyeila anaweza kumpitishia mtoto kwa maziwa. Ukimwona mtu amekula kasa, mpeleke hospitali mara moja, hata kama bado hajajisikia vibaya.

Hifadhi, wavuvi na haki

Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilianzishwa mwaka 1995, ikiwa ya kwanza ya aina yake Tanzania, chini ya sheria ya mwaka 1994. Ina ukubwa wa kilomita za mraba 822. Tofauti na mbuga za bara, watu wanaishi ndani yake: vijiji vya Chole, Juani, Jibondo na Utende vimo humo. Ndiyo maana imegawanywa katika kanda tatu. Kuna eneo ambalo hakuna kuvua kabisa, eneo la matumizi maalumu lenye masharti ya zana, na eneo la matumizi ya jumla.

Tusifiche kwamba masharti hayo yamewagusa wavuvi. Aliyezoea kuvua mahali alipovua babu yake, kisha akaambiwa leo pamefungwa na kesho akaona mashua ya wageni hapo hapo, ana haki ya kuuliza faida yake iko wapi. Jibu lina sehemu mbili. Kwanza, samaki wakubwa waliolindwa hutaga mayai mengi zaidi, na watoto wao husafiri na mkondo hadi maeneo yanayovuliwa. Pili, ada anayolipa mgeni langoni lazima ionekane kijijini kama darasa, zahanati au ajira. Sehemu ya kwanza ni kazi ya bahari, nayo huifanya ikiachwa. Ya pili ni kazi ya watu, na wanakijiji wanapaswa kuiulizia kwenye mkutano mkuu wa kijiji, hesabu zikiwa wazi.

Usalama wako

Kila aliyemo chomboni avae jaketi okozi, hata anayejua kuogelea. Sikiliza utabiri wa bahari wa Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) kabla ya kuondoka. Usiogelee peke yako. Vaa fulana ya mikono mirefu: inazuia jua, inazuia konyeza wa kuwasha, na inakuondolea haja ya kupaka mafuta mengi yanayoishia kwenye matumbawe.

Usikanyage mwamba, kwa faida yake na yako. Wapo viumbe wa miiba mirefu myeusi, na yupo samaki anayefanana kabisa na jiwe, mwenye miiba ya sumu kali. Ukichomwa na huyo wa jiwe, loweka mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia bila kuungua, na uende zahanati haraka.

Usinunue makombe makubwa ya bahari. Lile kombe refu la kupulizwa kama baragumu ni nyumba ya konokono anayekula kiti cha pweza mwenye miiba, adui mkubwa wa matumbawe. Kila linalouzwa ni askari mmoja aliyeondolewa.

Kwa mwenye chumba na mwenye mashua

Mgeni wa leo hauliziwi kitanda tu, anauliza ataona nini. Bandika ukutani ratiba ya maji ya mwezi na kanuni za potwe. Taa za upande wa bahari ziwe hafifu au zizimwe usiku msimu wa kasa. Tumia boya la kufungia chombo badala ya kutupa nanga kwenye matumbawe. Mweleze mgeni mapema kwamba vijijini avae nguo za kujisitiri na aombe ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Kuhusu leseni na ushuru, anzia ofisi ya kijiji na halmashauri, na kwa shughuli za ndani ya hifadhi uliza ofisi yake iliyopo Utende. Viingilio hutofautiana kati ya raia na wasio raia, hivyo pata bei ya sasa kutoka ofisini, na dai risiti.

Hifadhi makala haya kwenye simu yako, kwani baharini mtandao hukatika. Ukiwa na swali kuhusu misimu au maji, litume kwa ujumbe mfupi na tutalijibu hewani pamoja na wavuvi wanaoijua bahari hiyo kuliko sisi.